Piti au Pipa? Mwongozo Kamili wa Kutofautisha Ladha za Singo Molti

Nimeketi na watu wengi wanaopenda singo molti, yaani wiski ya shayiri iliyooteshwa kutoka kiwanda kimoja, na kosa ninaloliona ni lile lile. Mtu ananusa glasi, anapata kitu cha kuungua, anatamka "piti", yaani moshi wa udongo wa kinamasi unaochomwa kukaushia shayiri. Kumbe ni pipa. Mwingine anaona rangi iliyokolea kama chai ya rangi, anasema hii lazima ina moshi mwingi. Anaonja, moshi hamna hata chembe. Wa tatu analipa pesa nyingi kwa chupa yenye namba kubwa ya piti, kisha analalamika kwamba ni laini kuliko ile ya namba ndogo aliyoizoea.

Wote watatu wana pua nzuri. Walichokosa ni utaratibu. Wameonja chupa mojamoja, wiki hii hii na mwezi ujao ile, bila kitu cha kulinganisha. Kwa njia hiyo hata mtu wa miaka ishirini kwenye wiski hubaki anabahatisha.

Mwongozo huu una hatua saba, na zinatoshea katika vikao vitatu vya jioni. Ukizimaliza utaweza kunusa glasi usiyoijua na kusema mambo mawili kwa uhakika: ina piti au haina, na ilikaa kwenye pipa la aina gani. Ni kwa watu wazima wanaokunywa tayari. Kama hunywi, hatua ya kwanza na ya tano bado zitakufaa, maana ni kazi ya pua tu.

## Vifaa vya kuandaa

Chupa nne ndizo msingi. Nimezichagua kwa jozi, kila jozi kutoka kiwanda kimoja, ili tofauti utakayoionja iwe na chanzo kimoja kikubwa.

Jozi ya pipa: Glenmorangie Original na Glenmorangie Lasanta. Zote hukaa kwanza kwenye mapipa yaliyowahi kuwa na burboni, wiski ya Marekani. Lasanta huhamishiwa baadaye kwenye mapipa ya sheri, mvinyo mkali wa Uhispania.

Jozi ya piti: Bruichladdich Classic Laddie na Port Charlotte 10. Zinatoka kiwanda kimoja kisiwani Islay, Scotland, na zote zina asilimia 50 ya alkoholi. Ya kwanza haina piti. Ya pili kimea chake (shayiri iliyooteshwa) hufukizwa hadi kufikia takriban sehemu 40 za fenoli, kemikali za moshi, kwa milioni.

Zikikosekana, chukua Glen Grant 10 kwa pipa la burboni, Glenfarclas ya umri wowote kwa pipa la sheri, na Laphroaig 10 kwa piti. Utapoteza faida ya kiwanda kimoja, lakini somo litaeleweka. Ukipata Talisker 10 badala ya Laphroaig, sawa pia, ila moshi wake ni wa wastani na una pilipili nyingi.

Gharama ya chupa nne si mchezo. Changeni watu wanne, kila mmoja alete moja, au tafuta zile chupa ndogo za mililita 50. Baa nzuri pia itakupimia toti mojamoja, ingawa kelele na harufu za jikoni zitakupunguzia umakini.

Vingine:

- Glasi nne za umbo moja, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Glasi nyembamba za mvinyo zinafaa. Glasi fupi pana za barafu hazifai, harufu hutawanyika.
- Sirinji ya mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano.
- Maji ya kunywa ya chupa, yasiyo baridi.
- Mkate mweupe usio na siagi, daftari, na kikombe cha kutemea.
- Vitungi tisa vidogo vya kioo vyenye vifuniko.

Kula kabla. Kila glasi iwe mililita 15 tu. Na siku hiyo usiendeshe gari, hata kama ulikuwa unatema.

## Shika swali moja kabla ya kuanza

Swali lenyewe ni hili: harufu hii iliingia lini?

Nilikulia Pwani, kwenye nyumba ambayo nguo za sikukuu zilifukizwa kwa udi. Chetezo huwekwa chini, nguo hutandazwa juu, moshi hupanda na kuingia kwenye nyuzi. Nguo yenye unyevu kidogo hushika harufu kuliko iliyokauka kabisa. Piti hufanya kazi namna hiyo hiyo. Shayiri hulowekwa na kuachwa iote hadi iwe kimea, kisha hukaushwa. Pale ikiwa bado mbichi, piti huwashwa chini yake. Piti ni tabaka la mimea ya kinamasi iliyooza nusu na kushikamana kwa maelfu ya miaka. Hukatwa vipande kama tofali, hukaushwa na kuchomwa. Moshi wake una fenoli, nazo hung'ang'ania maganda ya kimea yenye unyevu. Kwa hiyo piti huingia mwanzoni kabisa, kabla kinywaji hakijawa kinywaji.

Sasa fikiria mursik ya Wakalenjin. Maziwa hayajapitishiwa moshi wowote. Kibuyu ndicho kilichotayarishwa: hupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yakatiwa, yakakaa na kuchukua tabia ya kibuyu. Pipa la wiski ni kibuyu hicho. Kinywaji hutoka mtamboni kikiwa cheupe kama maji, kisha hutiwa kwenye pipa la mwaloni. Sheria ya wiski ya Scotland inadai angalau miaka mitatu ndani ya pipa lisilozidi lita 700. Pipa huingia mwishoni.

Kila ukipata harufu, jiulize: hii ni ya nguo au ya kibuyu?

## Hatua ya 1: Fundisha pua kwa vitu vya nyumbani

Fanya hivi. Weka kila kitu kwenye kitungi chake na ufunike kwa nusu saa:

1. karafuu tatu zilizopondwa
2. nazi iliyokunwa na kukaangwa kidogo bila mafuta
3. vanila
4. tende na zabibu kavu pamoja
5. sukari iliyounguzwa hadi ikawa kahawia
6. kipande cha mkaa uliozimwa kwa maji
7. kipande cha samaki aliyekaushwa kwa moshi
8. pamba yenye matone mawili ya ayodini ya kusafishia vidonda
9. njiti mbili za kiberiti zilizowashwa na kuzimwa papo hapo

Nusa kila kimoja kwa sekunde mbili, pumzika, rudia. Halafu funga macho, mtu mwingine akupe bila mpangilio, nawe utaje.

Kwa nini. Harufu hizi si mifano ya kishairi. Yujenoli inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye mwaloni. Vanilini ya ganda la vanila hutoka pia kwenye ubao uliopashwa moto. Harufu ya nazi inatokana na kemikali ziitwazo laktoni, na mwaloni mweupe wa Marekani umejaa laktoni. Upande wa pili, ile harufu ya hospitali kwenye kitungi cha 8 inafanana sana na fenoli za piti. Pua yako imekwisha kuvijua vitu hivi tangu utotoni, inahitaji kukumbushwa tu kwamba inavijua.

Onyo. Ayodini ni ya kunusa kwa mbali. Usiionje, na iweke mbali na watoto.

Umefaulu ukiwa unataja saba kati ya tisa huku macho yamefungwa. Usiendelee kabla ya hapo. Najua hatua hii inaonekana ya kitoto, na wengi huiruka. Wale wanaoiruka ndio wanaokwama kwenye hatua ya tano.

## Hatua ya 2: Soma lebo, lakini usiiamini yote

Fanya hivi. Andika kwenye daftari: umri, asilimia ya alkoholi, aina ya pipa kama imetajwa, na kama imeandikwa kwamba rangi ni ya asili.

Kwa nini. Umri unaoandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani. Aina ya pipa itakueleza utarajie nini. Asilimia utaihitaji hatua inayofuata.

Onyo kuhusu rangi. Piti haitoi rangi kabisa. Wiski yenye moshi wa kukata pumzi inaweza kuwa na rangi ya majani makavu; itazame Ardbeg 10. Rangi hutoka kwenye pipa, na sheria ya wiski ya Scotland inaruhusu pia kuongezwa karameli ya kupaka rangi. Kwa hiyo rangi iliyokolea haithibitishi umri, wala pipa, wala moshi. Nawashauri wanaoanza wafunike glasi kwa karatasi hadi wamalize kuandika.

Onyo kuhusu namba ya piti. Ile ppm, yaani sehemu za fenoli kwa milioni, hupimwa kwenye kimea kilichokauka. Haipimi kilichomo kwenye chupa. Sehemu kubwa ya fenoli hupotea njiani, kwenye makapi ya shayiri na kwenye mtambo. Mfano ninaoupenda ni Lagavulin na Caol Ila. Viwanda vyote viwili viko Islay na vimekuwa vikichukua kimea chenye takriban ppm 35 kutoka kiwanda cha kimea cha Port Ellen. Onja zote mbili: Lagavulin ni nzito, ya lami na chai iliyochemka sana, Caol Ila ni nyepesi, ya ndimu na majivu safi. Umbo la mitambo linatofautiana, na pia wakati ambapo mkenekaji, fundi wa mtambo, anafunga mkondo wa kinywaji anachokikusanya. Fenoli nyingi hutoka mwishoni mwa kukeneka, hivyo anayechelewa kufunga hukusanya moshi mwingi zaidi. Bruichladdich wamewahi kutoa Octomore 8.3 ambayo kimea chake kilipimwa ppm 309. Ni kali, ndiyo, lakini si mara nane ya Port Charlotte mdomoni.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema kabla ya kufungua chupa: "natarajia nazi na vanila" au "natarajia tende na karafuu", na unajua ni kipi kwenye lebo kilichokufanya useme hivyo.

## Hatua ya 3: Sawazisha nguvu

Hapa ndipo kulinganisha kwa watu wengi kunapoharibika. Wanaweka wiski ya asilimia 40 karibu na ya 50, kisha wanasema ya pili "ina ladha zaidi". Ina alkoholi zaidi, hicho ndicho walichokionja.

Fanya hivi. Mimina mililita 15 kwa kutumia sirinji. Acha glasi kwa dakika kumi. Nusa mara moja bila maji, andika. Kisha ongeza maji ili zote zifike karibu na asilimia 40:

- ya 50: ongeza mililita 3.75
- ya 46: ongeza mililita 2.25
- ya 43: ongeza mililita 1 na kidogo
- ya 40: usiongeze kitu

Kwa asilimia nyingine, zidisha 15 kwa asilimia ya chupa, gawanya kwa 40, toa 15. Jibu ndilo maji.

Kwa nini. Mbali na usawa, maji huamsha moshi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, waliunda kielelezo cha kompyuta cha gwayakoli, mojawapo ya molekuli za harufu ya moshi. Katika mchanganyiko wenye alkoholi hadi asilimia 45, gwayakoli ilikaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapoifikia. Alkoholi ilipozidi asilimia 59, ilizingirwa na kuzamishwa ndani.

Onyo. Barafu ni adui wa zoezi hili. Baridi hufunga harufu na kuacha uchungu tu. Siku nyingine kunywa upendavyo, leo hapana.

Umefaulu ukiwa unaweza kuweka pua kwenye kila glasi, mdomo ukiwa wazi kidogo, bila machozi wala kuchomwa.

## Hatua ya 4: Pipa peke yake

Fanya hivi. Weka Glenmorangie Original kushoto, Lasanta kulia. Nusa kushoto, kulia, kushoto. Onja kidogo, zungusha kinywani kwa sekunde kumi, meza au tema. Kula kipande cha mkate, rudia upande wa pili.

Utakachopata kushoto. Vanila, nazi, asali, machungwa, labda keki. Hilo ni pipa la burboni. Sheria ya Marekani inataka burboni iwekwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likitumika mara moja linatafutiwa kazi nyingine, na mengi huvuka bahari kwenda Scotland. Lina takriban lita 200. Moto ule uliolipitia umefanya kazi mbili. Umevunja ubao na kuzalisha vanilini na sukari ya karameli. Pia umeacha tabaka la mkaa linalonyonya harufu mbaya za kinywaji kichanga, kama mkaa unavyosafisha maji.

Utakachopata kulia. Vile vya kushoto bado vipo, ila vimefunikwa na zabibu kavu, tende, njugu, mdalasini, na ukavu unaovuta fizi kama chai isiyo na sukari. Ukavu huo ni tanini. Mapipa ya sheri kwa kawaida ni makubwa, kama lita 500, hupashwa moto taratibu badala ya kuunguzwa sana, na hutengenezwa kwa mwaloni wa Marekani au wa Ulaya. Wa Ulaya una tanini na viungo vingi zaidi. Kabla ya kupelekwa Scotland hujazwa sheri na kuachwa ubao uinywe.

Kuhusu mara ya ngapi. Pipa ni kama majani ya chai. Chungu cha kwanza kinatoa rangi na nguvu. Ukirudia majani yale yale, unapata chai nyepesi. Pipa likijazwa wiski kwa mara ya kwanza huzungumza kwa sauti kubwa. La tatu hunong'ona, na hapo utaonja zaidi kilichotoka mtamboni. Ndiyo maana wiski ya miaka 12 kwenye pipa la kwanza inaweza kuonekana nzee kuliko ya miaka 18 kwenye pipa lililochoka. Umri peke yake si ubora, na mimi sitamshauri mtu alipie namba ya umri kabla hajajua pipa.

Umefaulu ukiwa unaweza kutaja harufu tatu za kushoto na tatu za kulia zisizofanana, bila kutazama orodha yangu.

Kikao cha kwanza kiishie hapa. Pua imechoka, hata kama wewe hujioni umechoka.

## Hatua ya 5: Moshi wa aina tatu

Kabla ya kufungua chupa ya piti, rudi kwenye vitungi. Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo mzima, kwa sababu kuungua hakutoki sehemu moja.

Moshi wa piti ni kitungi cha 7 na cha 8: samaki wa moshi, hospitali, lami, kamba za ngalawa, mwani uliotupwa ufukweni. Alama yake kubwa ni kukaa. Umeshameza, dakika tano zimepita, unatoa pumzi na moshi bado upo.

Kuungua kwa pipa ni kitungi cha 5 na cha 6: sukari iliyoungua, buni iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, mkaa baridi. Ni kukavu na kutamu. Hakuna hospitali ndani yake. Jambo linalochanganya ni kwamba ubao ulioungua nao hutoa gwayakoli kidogo, kwa hiyo pua haikosei kabisa inaposema "moshi". Ndiyo sababu usitafute moshi pekee. Tafuta dawa. Moshi wenye dawa na bahari ni piti. Moshi wenye karameli na kahawa ni pipa.

Salfa ni kitungi cha 9: njiti ya kiberiti, mpira, wakati mwingine kabichi iliyochemka. Mapipa ya sheri yaliwahi kufukizwa kwa salfa ili yasiote ukungu yakiwa matupu, na mengine huacha alama. Hutangulia puani kabla ya kitu kingine chochote, na mara nyingi hupungua glasi ikikaa wazi. Wapo wanaoipenda kiasi. Ila ukiona mtu anasifu "moshi" kwenye wiski ya sheri isiyo na piti, mara nyingi anasifu kiberiti.

Fanya hivi. Nusa 6, 8, 9 kwa kupokezana mara tano. Andika neno moja kwa kila kimoja, neno lako mwenyewe. Rafiki yangu huita cha 8 "wodi", na hajawahi kukosea tangu siku aliyolipata neno hilo.

Umefaulu ukiwa unavitofautisha vitatu hivi gizani, kumi kwa kumi.

## Hatua ya 6: Piti peke yake, kisha piti na pipa

Fanya hivi. Classic Laddie kushoto, Port Charlotte 10 kulia, zote zimesawazishwa. Anza na isiyo na piti. Ukianza na ya moshi, ulimi utakuwa umefunikwa na hutaonja kitu kingine kwa robo saa.

Kushoto utapata shayiri, asali, maua, chumvi kidogo. Shika ladha hizo. Kulia, zitafute *chini* ya moshi. Zipo. Mtu anayesema "naonja moshi tu" hajatafuta kwa muda wa kutosha. Subiri, ongeza matone mawili ya maji, nusa tena: shayiri ile ile itajitokeza, na pamoja nayo krimu na ndimu. Port Charlotte 10 ina sehemu ya mapipa ya mvinyo wa Kifaransa ndani yake, kwa hiyo ukipata tunda ambalo kushoto halipo, hilo ni la kibuyu. Usilihesabu kama piti.

Kwa nini moshi hutofautiana. Mimea iliyokufa kinamasini haifanani kila mahali. Islay kuna mimea midogo ya kinamasi, nyasi na pepo za bahari, na moshi wake una ile wodi. Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, pepo ni kali hata miti haioti kwa urahisi. Piti ya nyika ya Hobbister inayotumiwa na kiwanda cha Highland Park imejaa vichaka vya hedha, na moshi wake ni mtamu, karibu wa maua. Ukipata Highland Park 12, iweke pembeni ya Laphroaig 10 siku moja. Baada ya hapo hutasema tena "piti ni piti".

Kisha zichanganye. Ukibahatika kupata Ardbeg 10 na Ardbeg Uigeadail, hizi ndizo mtihani mzuri kuliko zote. Kiwanda kimoja na piti moja. Ya kwanza ni mapipa ya burboni: moshi umesimama wazi, na ndimu kando yake. Ya pili imeongezewa wiski ya mapipa ya sheri: moshi umevishwa tende, kahawa na nyama iliyobanikwa. Uigeadail ina asilimia zaidi ya 54, usisahau maji.

Umri na moshi. Fenoli hupungua ndani ya pipa miaka inavyopita, huku ubao ukiongeza vyake. Linganisha Lagavulin 8 na Lagavulin 16: changa inakurukia, kubwa inakukalisha. Kwa hiyo anayetafuta moshi mkali asikimbilie chupa kongwe ya bei kubwa. Atalipa zaidi apate moshi kidogo.

Umefaulu ukiwa unaandika mistari miwili kwa kila glasi, mmoja wa nguo na mmoja wa kibuyu, na hakuna neno lililokaa mahali pasipo pake.

## Hatua ya 7: Mtihani wa macho yaliyofungwa

Fanya hivi. Mtu mwingine amimine glasi tatu, mbili ziwe za chupa moja na moja ya chupa tofauti, zote zimefunikwa karatasi. Tafuta iliyo tofauti. Fanya raundi sita, ukibadilisha jozi: raundi mbili za pipa, mbili za piti, mbili zozote. Kwa pua tu kwanza. Onja pale tu ukishindwa, na uteme.

Kwa nini tatu. Glasi mbili zinakupa nusu ya kubahatisha. Tatu zinakushushia hadi theluthi. Ukipata tano kati ya sita, hiyo si bahati.

Onyo. Anayemimina asikae mbele yako. Uso wake utakusaidia bila yeye kujua.

Ukikosa raundi za pipa, tatizo karibu daima ni asilimia hazijalingana. Rudi hatua ya 3. Ukikosa za piti, huenda umekula kitu chenye moshi mchana, au kuna mtu amevaa marashi au udi chumbani. Hilo la udi limewahi kuniharibia jioni nzima, nikabaki nasifu piti ya glasi isiyo na piti.

Mwisho wa kikao usioshe glasi. Ziache mezani bila kufunikwa usiku kucha, kila moja imeandikwa namba chini. Asubuhi alkoholi imeshatoka yote, kimebaki kilichokauka kwenye kioo. Nusa. Zilizokuwa na piti zitanuka jiko lililozimwa na mwani mkavu. Za burboni zitanuka ubao mpya na vanila, za sheri zitanuka kabati la tende. Andika majibu, kisha geuza glasi usome namba.